UZI (Julai 2025): Nataka kutembea Congo Nile Trail kwa miguu kuanzia Gisenyi, mama watoto anasema nimechoka kuishi

Mguu Niponye (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Niko Mwanza, starehe yangu ni kutembea kwa miguu, wengine bia wengine mpira mimi begi mgongoni. Usambara nimetoka Lushoto mpaka Mtae mara mbili, Uluguru nimelala juu, Kilimanjaro nilifika kwa njia ya Marangu 2019 nikatapika vizuri tu. Mwaka huu nimeweka akiba kwa ajili ya ile njia ya Rwanda, Congo Nile Trail, inaanzia Gisenyi (siku hizi Rubavu) inafuata Ziwa Kivu mpaka Cyangugu (Rusizi) kule chini, kilomita 227, wanasema siku kumi kwa mguu au tano kwa baiskeli. Likizo yangu inaanza Alhamisi hii.

Tatizo mnalijua. Gisenyi na Goma ni mji mmoja uliokatwa na mpaka katikati. Tarehe 27 Januari waasi wa M23 walipoingia Goma mabomu yalidondoka mpaka upande wa Rwanda, watu wakafa wako majumbani kwao. Katikati ya Februari Bukavu nayo ikaenda, na Bukavu ndo inatazamana na Cyangugu. Yani njia yangu mwanzo wake Goma na mwisho wake Bukavu, ni kama kamba ya nguo iliyofungwa kwenye nguzo mbili zinazoungua.

Najua mwezi uliopita tarehe 27 Rwanda na Kongo wamesaini makubaliano kule Washington, na juzi tarehe 19 Kinshasa na M23 wamesaini karatasi nyingine Doha. Nilivyomwambia mama watoto akaniuliza karatasi imeanza lini kuzuia bomu. Sina jibu.

Naomba mwenye uzoefu aseme, asinitishe na wala asinitie ujinga. Mnapimaje kitu kama hiki? Maana kila ninayemuuliza ananiambia nenda tu Rwanda salama, au ananiambia umerogwa.

Siti ya Mbele

Mkuu jina lenyewe Mguu Niponye, wewe ushajiandaa kukimbia sasa unaogopa nini 😂😂 Nimekaa hapa mbele na karanga zangu, wajuvi tiririkeni.

Mzee wa Kibanda

Mi sielewi kizazi hiki. Nchi ina Udzungwa, ina Uluguru, ina Kitulo, ina Hanang, umemaliza yote mpaka ukanuse baruti? Mtu unalipa nauli kwenda kusogelea vita. Sisi miaka ya 94 tulikuwa Ngara tunapokea watu wanakimbia huko huko, we unaenda na fimbo ya kutembelea.

Mguu Niponye

Mzee shikamoo. Hoja yako naiheshimu ila mpaka ni mpaka. Oktoba 2020 wale wapiganaji wa Cabo Delgado, Msumbiji, walivuka Ruvuma wakaingia Kitaya, Mtwara, wakaua na kuchoma nyumba. Ina maana tangu siku hiyo nisiende Mikindani? Si tunaenda, kwa sababu tunajua Kitaya iko wapi na Mikindani iko wapi. Ninachotafuta ndo hicho, kujua ndani ya hizo kilomita 227 Kitaya yake ni ipi.

Mzee wa Kibanda

Marahaba. Hapo umejibu kama mtu mzima. Endelea nakusoma.

Baiskeli Nyeusi

Niko Nairobi. Mimi hiyo njia niliipiga na baiskeli Agosti 2023, siku tano, tukiwa wasee watatu. Manze ile nchi ni milima, unapanda unashuka unapanda unashuka, ziwa liko hapo kando linakuchekelea, siku ya pili nilisukuma baiskeli kuliko nilivyoendesha. Lakini kitu moja ambayo watu hawaelewi wakiangalia ramani, hii si njia ya msitu. Kuanzia Gisenyi hadi Kibuye, ule mji wa katikati ya njia, hakuna mahali uko peke yako. Kila kona kuna shamba, kuna mama na jembe, kuna watoto wanakimbia nyuma wakiitisha "agacupa", yani wanataka ile chupa yako tupu ya maji. Nilijaribu kutafuta mahali pa kukojoa nikakosa dakika arobaini, si mchezo.

Hiyo 2023 vita tayari ilikuwa inaendelea huko Rutshuru na Masisi, na sisi usiku tukiwa Gisenyi tunaangalia mlima Nyiragongo juu kuna mwanga mwekundu, tunakunywa Mützig. Nikikumbuka naona aibu kidogo lakini ndo ilivyokuwa. Kuna siku simu yangu ilinikaribisha Kongo nikiwa bado ndani ya Rwanda, bando ikakatwa yote, hiyo ndo vita pekee nilipigana.

Lakini sikudanganyi boss, 2023 si 2025. Ningeenda sasa singelala Gisenyi.

Dada wa Bima

Habari zenu. Mimi kazi yangu ni bima hapa Dar kwa hiyo nitasema la kwangu nikae pembeni. Kaka yangu chukua ile karatasi ya bima ya safari, usisome ukurasa wa kwanza wenye picha ya familia inacheka, nenda ukurasa wa vitu visivyolipwa. Karibu kila bima duniani imeandika vita, uvamizi, uasi, machafuko ya kiraia hawalipi. Siyo hila za Kiswahili hizo, iko hivyo kila mahali. Wenzetu wa Ulaya wana mtego mwingine, serikali yao ikiweka eneo kwenye orodha ya tahadhari na wewe ukaenda, bima nyingi zinakufa hata kama umevunjika mguu kwa kuteleza bafuni.

Kwa hiyo ukishavuka Rusumo hesabu kwamba upande wa vita bima yako ni hela iliyoko mfukoni. Weka pesa taslimu ya kukutoa pale ulipo mpaka Kigali, usiiguse kwa bia wala kwa zawadi. Na muachie mtu nyumbani nakala ya pasipoti na majina ya sehemu utakazolala, kwa mpangilio, na saa. Rwanda wako nyuma yetu saa moja, nimeshaona familia imelia bure kwa sababu mtu aliahidi kupiga saa mbili na saa mbili yake ikawa saa tatu ya kwao.

Siti ya Mbele

Hiyo ya saa moja imenigusa, mke wa mtu angeshatandika mkeka wa msiba.

Mwana Birere

Bandugu jambo. Miye niko muntu wa Goma, wa Birere, pale pale ku mpaka. Tulivuka mwezi wa kwanza na mabegi mbili na bibi na watoto, sasa tuko huku Gisenyi kwa shangazi. Nilisoma hii mambo yenu nikasema nijibu, juu batu bengi banaongea Goma na habajawahi kufika.

Ya kwanza. Ile siku bomu zilidondoka Gisenyi hazikuwa zinatafuta Gisenyi. Batu balikuwa banapigana kando ya mpaka, bomu haina pasipoti. Kwa hiyo hatari ya pale ni ya siku moja, siku mbili, inakuja ghafla, halafu inapita. Sasa hivi vita haiko tena ku mpaka wa Gisenyi, iko mbali kule ndani, Walikale, Masisi, na huko Kivu ya Kusini. Sisemi imeisha. Ninasema iko mbali na barabara yako leo.

Ya pili, kaka, ukitaka kujua Gisenyi iko namna gani usiangalie telefone. Amka saa kumi na mbili asubuhi uende Petite Barrière, ile njia ya wachuuzi ku mpaka, usimame mbali kidogo. Ukiona bamama bako na mabeseni ya nyanya na mboga banavuka kwenda Goma kuuza, siku ni nzuri. Bale bamama banajua kila kitu mbele ya redio. Ukikuta mpaka ni baridi, bamama bamekaa chini na mabeseni yao, panda basi urudi Kigali, usiulize sababu.

Ya tatu, usipande boti ya kwenda kwetu juu ya kutaka kuona. Mwezi wa kumi 2024 boti ilizama karibu na Kituku, Goma, batu bengi balikufa, ilitoka Minova. Unajua juu ya nini ilijaa vile? Juu barabara ya Minova vita iliikata, kila muntu akaingia mu maji. Vita inaua hata kule risasi haifiki.

Na ukishuka kuogelea uliza kwanza wenyeji. Huku kwetu kuna mazuku, ile hewa mubaya inatoka mu udongo, inalala pa chini kama maji, haina rangi. Iko sana upande wa Goma na hapa Gisenyi karibu na ziwa. Usiweke hema mu shimo.

Mguu Niponye

Kaka Mwana Birere pole sana na asante. Ya akina mama na mabeseni nimeiandika kwenye daftari. Mazuku nilikuwa sijui kabisa.

Mzalendo Asiyelala

Sasa mimi niulize ambalo wote mnalikwepa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika zaidi ya mara moja kwamba jeshi la Rwanda liko na M23, Rwanda inakataa. Wewe unapeleka hela zako za utalii huko huko halafu unamuuliza mkimbizi akushauri njia?

Mwana Birere

Ndugu, hela yake ataachia mama anauza sambaza, bale samaki badogo, ku Kinunu, si jeshi. Miye mwenyewe nakula huku. Acha aende.

Mzalendo Asiyelala

Sawa mkuu, kama wewe umesema.

Mpagazi wa Kilembe

Jambo wakubwa. Mimi ni mpagazi Rwenzori upande wa Kasese, Uganda, napandisha wageni, Kiswahili changu mtanisamehe. Huu mjadala sisi tumekula nao miaka yote. Mlima wetu ulifungwa 1997 mpaka 2001 kwa sababu ya waasi wa ADF, wazee wangu walikaa miaka minne bila kubeba mzigo. Halafu Juni 2023 waliua wanafunzi Mpondwe hapa hapa wilaya yetu, na Oktoba 2023 waliua watalii wawili pamoja na muongozaji wao Mganda ndani ya mbuga ya Queen Elizabeth, wale watalii walikuwa fungate. Wiki zile simu yangu ilikuwa kimya kabisa, kila mgeni alifuta. Na juu mlimani hakuna kitu kilitokea.

Sasa nieleze tunavyopima sisi. Swali la kilomita ngapi kutoka vita halina maana, mimi nakaa kilomita chache na Kongo tangu nizaliwe. Tunauliza maswali mengine. Hawa wenye bunduki wanatembea kwa nini? Kikundi kinachojificha hakitafuti mtu wa kutembea, kinatafuta chakula, dawa, simu, na kisionekane. Ukikutana nacho kwa bahati mbaya wewe ni shahidi, hapo ndo unakufa. Kwa hiyo mahali pa kuogopa ni pale ambapo msitu umegusa mpaka na hakuna mashamba katikati. Virunga wanajua hiyo, 2018 walitekwa Waingereza wawili na askari wao wa kike akauawa, mbuga ikafungwa mpaka mwaka uliofuata. Nyungwe, hapo hapo Rwanda, Desemba 2018 mabasi yalichomwa barabarani msituni. Kinigi Oktoba 2019, chini ya volkano, watu waliuawa usiku. Wanatoka msituni usiku na wanarudi msituni.

Njia yako, huyu kaka wa baiskeli amesema, ni mashamba, kwa hiyo ya kuteka na kuvizia ni ndogo. Upande wa kaskazini kubwa ni ile ya bomu ya siku moja. Ukishuka kusini kule Nyamasheke unaanza kukaribia Nyungwe, na mwisho unakaribia Bukavu, hapo zinakutana mbili. Mimi ningekata kusini.

Baiskeli Nyeusi

Hii sasa ndo jibu. Na angalia ramani tena, katikati hapo kati ya Kinunu na Kibuye na kushuka Mugonero, ziwa ni pana na kisiwa cha Idjwi kiko katikati yake. Huko una maji mengi sana kati yako na mtu mwenye silaha. Njia ni mbaya kwa ncha zake tu.

Mzee wa Kibanda

Mnamtia moyo sana. Naomba niulize, nani kati yenu ana takwimu ya watu waliokufa wakitembea hiyo njia kwa sababu ya vita? Hakuna. Basi msiseme ndogo.

Mpagazi wa Kilembe

Mzee kweli, sina. Lakini nina hii, tarehe 2 na 3 Mei 2023 mvua iliporomosha milima pale pale Rutsiro, Karongi na Rubavu, ndani ya usiku mmoja zaidi ya watu 130 wakafa magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Ndo njia yenyewe hiyo anayotaka kupita. Kama angekuja kutuuliza kwenda mwezi wa nne hakuna ambaye angemwambia juu ya bunduki, angemwambia acha, kuna matope.

Mzee wa Kibanda

Sawa. Julai hakuna mvua. Nimenyamaza nusu.

Mguu Niponye

Wakuu nimekaa na haya yote siku mbili, nimeongea na mama watoto, nawapa mpango mnikosoe.

Kwanza kusini nimekata. Naishia Kibuye. Inaniuma maana nilitaka zile 227 zote, mtu ukishaipenda namba inakuwa kama deni, ila nikijiuliza kwa uaminifu kwa nini nataka kufika Cyangugu jibu ni ili niseme nimefika Cyangugu.

Pili mwelekeo. Kuna kitu nimekigundua nikiwa naosha vyombo. Nilikuwa nafikiria nianzie Kibuye nipande kwenda Gisenyi ili nimalizie mjini kwenye bia na mabasi. Lakini huko ni kutembea kuelekea kwenye hatari kila siku, na nikifika nimechoka, habari nilizonazo za Gisenyi zina siku tano, na nimeshajiaminisha kwamba lazima nimalize. Nikianzia Gisenyi naamua siku ya kwanza asubuhi nikiwa na macho mapya, akina mama wa nyanya nimewaona kwa macho yangu, na kila hatua baada ya hapo naiacha vita mgongoni. Njia ni ile ile, ila ukiigeuza inakuwa safari nyingine.

Tatu, silali Gisenyi. Basi la kwanza kutoka Kigali, nafika, naangalia mpaka, nikiridhika naanza kutembea saa hiyo hiyo. Asubuhi ya saa kumi na mbili nitaikosa lakini Mwana Birere amenitumia ujumbe kwamba ataangalia yeye.

Nne, mambo matatu ya kunirudisha, nimeyaandika na mama watoto anayo nakala: mpaka ukifungwa kwa wachuuzi, nikisikia milio mikubwa ambayo wenyeji wenyewe hawaielewi, au nikikosa mtandao siku nzima bila kumpa taarifa. Lolote kati ya hayo tunapanda pikipiki mpaka kwenye lami halafu Kigali, hakuna mjadala, hata kama nimebakisha kilomita mbili.

Tano, mama watoto ameweka sharti lake, niende na shemeji yangu, mdogo wake. Kijana wa miaka 23 hajawahi kutembea zaidi ya Nyakato mpaka Buzuruga. Nimekubali.

Siti ya Mbele

Shemeji ndo bima yenyewe hiyo 😂😂

Dada wa Bima

Mpango mzuri. Jambo moja tu, hilo sharti la milio, "ambayo wenyeji hawaielewi", ni la maana kuliko unavyodhani. Usipime kwa masikio yako. Safari njema kaka, Mungu awatangulie.

Mwana Birere

Alhamisi saa kumi na mbili nitakuwa ku barrière. Nitakuandikia.

---

Mguu Niponye

Wakuu nimerudi, shemeji karudi, wote na miguu miwili miwili. Samahani kwa kukaa kimya, mtandao wa Mwanza umekuwa mbaya kuliko wa Rutsiro, fikiria hilo.

Ijumaa tarehe 25 nikiwa stendi Kigali, kaka Mwana Birere akanitumia ujumbe saa kumi na mbili na nusu: "Nyanya zinavuka." Maneno mawili. (Alhamisi alienda pia akaandika hivyo hivyo, ila basi letu la Rusumo lilichelewa tukalala Kigali.) Tulivyofika Gisenyi nikaenda kuona mwenyewe, kweli msururu wa akina mama, mabeseni, watoto mgongoni, walemavu na zile baiskeli zao za matairi matatu zimejaa mizigo. Nilitegemea kuona mji una hofu, nikaona mji uko kazini. Lakini kuna ukuta wa nyumba moja hivi una matundu, shemeji akaniuliza ni nini, nikamwambia twende.

Tukapita Rubona, kiwanda cha bia, chemchemi za maji moto za Nyamyumba ambapo watu wamekaa wameloweka miguu, na baada ya hapo ni kama Baiskeli Nyeusi alivyosema, unapanda unashuka mpaka unamkumbuka mama yako. Shemeji siku ya kwanza hakuongea kuanzia saa saba. Siku ya pili ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, umuganda, kijiji kizima kiko barabarani na majembe wanasafisha mitaro, pikipiki hakuna mpaka saa tano hivi. Hapo nikashtuka, mpango wangu wote wa kutoroka ulikuwa pikipiki na mimi nimechagua kutembea siku ambayo asubuhi pikipiki hazipo! Hakuna aliyeniambia na mimi sikuuliza. Tukapewa majembe tukalima mtaro kama dakika ishirini, wakacheka sana shemeji anavyoshika jembe.

Sasa usiku ule, Kinunu. Tumekula sambaza za kukaanga na ndizi, chini yetu meza za kukaushia kahawa, wavuvi wameingia ziwani na zile mitumbwi yao mitatu iliyounganishwa kwa miti, wanapiga miluzi na kuimba wakipiga kasia, sauti inakuja juu ya maji mpaka kitandani. Nimelala. Kama saa saba usiku nikasikia DUH. Kimya. DUH tena. Wakuu moyo ulihama. Nilikuwa nimeshavaa viatu kabla sijajua nimeamka, nikamtikisa shemeji, begi mgongoni, nikatoka nje nikamkuta mlinzi amekaa na blanketi lake na redio. Nikamuuliza kwa Kiswahili, maana pale wengi wanakisikia, "mzee hiyo milio ni nini?" Akaniangalia, akaangalia viatu, akasema "lori." Lori gani? "La mawe. Linamwaga. Kila usiku." Juu huko kuna watu wanatengeneza barabara.

Nikarudi ndani. Sikulala. Siyo kwa sababu ya lori. Nilikuwa nawaza, yule mzee alikuwa ameisikia ile sauti kabla yangu na hata hakugeuza shingo, na ingekuwa ile nyingine angeijua kabla yangu vilevile, mimi zote kwangu ni DUH tu. Dada wa Bima nilikukumbuka.

Tatizo la kweli nilijitengenezea mwenyewe siku ya tatu. Nikapiga picha ya ziwa kutoka mlimani, nzuri kweli, Idjwi kwa mbali, na kumbe kwenye kona chini kuna kambi ndogo ya askari. Dakika tano wamekuja wawili, wapole kabisa, simu wakaomba, pasipoti wakaomba, tukakaa kwenye benchi kama saa mbili wanapiga simu. Unatoka wapi, unaenda wapi, kwa nini kwa mguu. Hilo la kwa nini kwa mguu ndo gumu, jaribu wewe kumweleza askari aliye karibu na vita kwamba una hela ya basi lakini umechagua kutembea siku tano. Lile daftari langu lenye majina ya sehemu za kulala na saa ndo lilituokoa, walilisoma ukurasa kwa ukurasa, mmoja akaona nimeandika "akina mama wa nyanya" akacheka akamwonyesha mwenzake. Picha nikafuta, wakatutakia safari njema. Wasiopanga kitu wakija huku sijui wanajieleza vipi.

Kibuye tuliingia Jumanne mchana. Shemeji ana malengelenge vidole sita na sasa hivi anawaambia watu Nyakato kwamba ametembea Kongo.

Mzee wa Kibanda

Karibu nyumbani. Hilo la lori nimelisoma mara mbili nikamsomea na mke wangu. Mama watoto anasemaje?

Mguu Niponye

Mzee shikamoo. Alipokea ujumbe wangu mara mbili kila siku, siku ya askari ulichelewa saa mbili, na alikuwa ameshampigia Mwana Birere kabla hajalia. Hata sikujua alikuwa na namba yake. Sasa hivi wanaongea kuliko anavyoongea na mimi, juzi amemtumia vitenge viwili vya mke wake kwa basi la Rusumo.

Mwana Birere

Vilifika. Bibi anasema aksanti mingi. Anauliza kwenu nyanya ni bei gani.

Mpagazi wa Kilembe

Kaka nimefurahi. Mwaka ujao njoo Rwenzori, nitakubebea. Siku nane na viatu vya mpira, matope yetu yanafika magotini.

Siti ya Mbele

Karanga zimeisha. Kusini tunaenda lini?

Mguu Niponye

Kusini sijui mkuu. Sina mtu Rusizi wa kuniangalizia asubuhi. Kuna mdau humu wa huko?